Bunduki ya Kuendea Nyati

"Kunja kiwiko, baba. Sasa kidole kiende mbele, kama unavuta."

Noah Kipkoech akakunja kiwiko, akasogeza kidole. Kikapu cha majani chai kilikuwa bado mgongoni, na vidole vyake vilikuwa na ule weusi wa utomvu ambao sabuni haiutoi. Binti yake Nelvine alikuwa ameshika tepu ya kushonea ya mama yake, anaipitisha kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole cha shahada, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, vile alivyokuwa akifanya hesabu alipokuwa darasa la pili. Noah alisimama wima pale barazani na kujiachia apimwe. Alikuwa anafurahia, ila hangesema.

"Unamshonea suti?" Sellah, mama Nelvine, aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Napima bunduki, mama. Kitako kikiwa kirefu kinanasa kwa kwapa. Kikiwa kifupi, kidole gumba chake kinamgonga pua."

"Bunduki ya huyu? Hata panya wa hapa jikoni huyu anamfukuza na kofia tu."

"Panya hana makosa," Noah akasema.

Basi ndivyo ilivyokuwa wiki hiyo kule Sosiot. Nelvine, muuguzi huko Texas, alikuwa amerudi nyumbani. Tangu aondoke akiwa msichana alikuwa amekuja mara moja tu, kumzika nyanya yake, na safari hiyo alikaa siku chache akaondoka kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Sasa alikuja na likizo nzima na zawadi moja kubwa ambayo hakuweza kuitia kwenye sanduku. Alikuwa amelipia safari ya kuwinda, yeye na baba yake, wawili tu, upande wa Tanzania. Hapa Kenya, kama mnavyojua, hata sungura ukimlenga unalala ndani. Kule, ukiwa na kibali, unaruhusiwa. Bunduki zingekodiwa kwa kampuni ya huko iliyowapangia safari, na bwana wa kampuni alitaka kujua mapema, mzee apewe ipi na binti apewe ipi. Kesho angepiga simu.

Noah alikuwa amebeba bunduki karibu maisha yake yote ya kazi. Alikuwa askari wa wanyama, wa kulala kwenye hema na kuamka na umande kwenye masharubu, mpaka alipostaafu na kurudi kwa robo tatu ya ekari ya chai, ng'ombe wawili na mke anayemjua vizuri kupita kiasi. Tangu arudishe ile silaha ya serikali na kutia sahihi, hakuwa ameshika nyingine. Hakuwa ameitamani, vilevile.

Nelvine akamwonyesha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine. Noah alizitazama kwa heshima, simu akiwa ameisogeza mbali na uso kama watu wa umri wake wanavyofanya.

"Picha haisemi uzito," alisema mwishowe. "Niletee mpini wa jembe."

Aliletewa. Akatua kikapu, akauweka mpini begani, akafumba jicho la kushoto, akaufuata ua wa michongoma taratibu mpaka kwenye kona ya zizi. Mwili ulikumbuka wenyewe. Miguu ilijipanga, pumzi ikatulia, shavu likalala kwenye mti. Nelvine alishusha simu. Hata Sellah alisahau maziwa yaliyokuwa jikoni, yakafurika.

"Bunduki inachaguliwa na bega," Noah akasema, akiushusha mpini. "Watu wanaangalia risasi, risasi. Risasi kubwa bila bega ni kelele tu. Mtu akishaogopa teke lake, anafumba macho kabla hajafyatua. Halafu mnyama anaenda na kidonda, na ni wewe utamfuata kwa kichaka. Hii ndogo, umesema inaitwaje?"

"Hiyo ni 243."

"Basi hiyo. Inanitosha."

Nelvine alicheka, akamshika bega. "Baba, hiyo ni ya kufundishia watoto. Ni ya swala wadogo."

"Tutafute swala wadogo. Nyama yao si mbaya."

"Hatuendei swala."

"Tunaendea nini?"

Alikuwa ameiweka siri hiyo tangu atoke Texas, na sasa ilimtoka usoni kabla ya mdomoni. "Nyati," akasema. "Mmoja, dume, mzee. Kibali kimetoka. Na sheria yao inasema nyati hapigwi na kitu chini ya 375, kwa hivyo hata ukitaka hiyo ya watoto hawatakupa."

Noah aliutazama mpini wa jembe mkononi mwake.

"Unakumbuka ile hadithi?" Nelvine akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulikuwa unatuambia ukija likizo. Umelala kwa nyasi, nyati aliyekuwa anaua watu amesimama mbele yako, karibu hata unasikia akitafuna. Umemlenga vizuri. Halafu unampa Mzee Gekara bunduki. Kila siku ilikuwa inaishia hapo. Mimi nilikuwa nalala nikifikiria, mbona baba hakupiga? Nikiwa mkubwa nikajiambia, labda aliogopa, labda mkubwa wake alimnyang'anya nafasi. Na ulikuwa unaisema na huzuni, baba. Sasa nataka nikupe hiyo nafasi. Hakuna mtu atakunyang'anya."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Huyu ni mtu anayeosha wagonjwa usiku kucha na kufunga macho ya waliokufa, halii ovyo.

"Wacha nipeleke majani," Noah akasema. "Lori lisiniache."

Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa kwetu hawalisemi kwa sababu kila mtu analijua, na ndiyo maana siku hizi hakuna anayelijua. Kila ukoo wa Wakipsigis una mnyama wake. Kuna wa simba, kuna wa nyuki, kuna wa tembo, kuna hata wa fisi, na hao usiwacheke wakiwa karibu. Ukoo wa kina Noah ni wa nyati. Nyati humuui, humli, humtanii. Ukikutana naye unampisha na kumsalimia kama mkubwa wa boma. Mtoto huambiwa haya na baba yake. Mama hamwambii, maana yeye ameolewa pale, na ya ukoo yana wenyewe. Kanisani hayatajwi. Shuleni hayafundishwi. Noah naye alikuwa porini watoto wake wakikua, na kila akija likizo alileta sukari, mkate na hadithi, na hadithi yenyewe aliikatia pale pale ilipokuwa tamu. Hakueleza kwa nini alimpa mwenzake bunduki. Kwake lilikuwa jambo la wazi. Ni nani hueleza mtoto kwamba huyu ni baba yako na ile ni nyumba yenu?

Kwenye kituo cha kuuzia majani alimkuta Gekara mwenyewe, yule yule wa hadithi. Gekara ni Mkisii. Walipangwa kambi moja wakiwa vijana, wakastaafu pamoja, na Gekara akanunua shamba ng'ambo ya kijito kwa sababu, alivyosema, alikuwa amemzoea Noah na hakuwa na nguvu za kuzoea mtu mwingine. Walikaa kwenye benchi wakingoja karani afungue mizani. Noah alimweleza yote. Gekara alisikiliza akiokota majani magumu kwenye kikapu cha mwenzake na kuyatupa, kwa mazoea tu.

"Mwambie," Gekara akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba amekesha na wagonjwa mwaka mzima kuninunulia kitu, na hicho kitu ni mwiko?"

"Ni mtoto wako, atasikia."

"Ataona haya. Atasema anakuja nyumbani kama mgeni, hajui hata yeye ni nani. Halafu ataona ni mimi sikumwambia. Na itakuwa ni kweli." Noah alijifuta uso kwa mkono wote. "Akirudi huko na hilo moyoni, Gekara, hatakuja tena mpaka anizike."

Gekara alifikiri. Alikuwa mtu wa kupenda njia ya mkato, na hata porini ilishawahi kuwapoteza. "Basi nenda," alisema. "Nenda, beba hiyo bunduki, na upige hewa."

"Hewa?"

"Lenga juu ya mgongo. Risasi inapita, nyati wenu anakimbia, wewe unasema macho yamezeeka. Mtoto amekupa nafasi, umeitumia, mmekula, mmepiga picha. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Mimi nimejua mengi yako na hujaona nikiyauza sokoni."

Noah alicheka kidogo. Majani yalipimwa, yakamwagwa kwenye magunia, lori likaja na kuondoka. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu na wazo hilo la Gekara, na kadiri alivyotembea ndivyo lilivyozidi kuonekana la busara. Hangemuua mtu wa kwao. Hangemvunja binti yake moyo. Angelenga juu kidogo tu.

Mvua ya mchana ilikuwa imekwisha alipofika, maji yakidondoka kwenye mabati. Nelvine alikuwa barazani anamenya viazi.

"Nimechagua," Noah akasema. "Nipewe hiyo 375."

Nelvine aliinuka na kisu mkononi, akamkumbatia hivyo hivyo, na Noah akasimama mikono imemning'inia kwa sababu hakuwa amezoea mambo hayo ya kukumbatiana. Kisha alikumbuka akampigapiga mgongoni. Sellah aliwatazama wote wawili kutoka jikoni, akamtazama mumewe muda mrefu zaidi.

Wakati wa chai Nelvine hakunyamaza. Alieleza watakavyovuka mpaka, watakavyolala, jinsi yule bwana wa kampuni atakavyotangulia na mtu wa kufuata nyayo. "Na usiwe na wasiwasi wowote, baba. Ukikosa, si mwisho. Mimi nitakuwa nyuma yako na 416, kubwa kuliko hiyo yako."

Noah alishusha kikombe. "Wewe?"

"Kwani nani? Nimejifunza kwa ajili ya hii tu. Kila Jumamosi, na ile yenye teke. Angalia." Alivuta kola ya blauzi pembeni. Kwenye bega lake la kulia ngozi ilikuwa imebadilika rangi, alama ya zamani juu ya nyingine ya zamani. "Mwanzoni nilikuwa nafumba macho, vile ulisema. Sasa sifumbi. Ukimkosa wewe, mimi simkosi. Haendi popote."

Noah alilitazama lile bega. Aliona nyati akikimbia chini ya risasi yake ya hewa, na mtoto wake mwenyewe, wa damu ya nyati, akimwangusha kwa sababu anampenda baba yake. Aliinuka akasema anaenda kuona kama ng'ombe wana nyasi, na ng'ombe walikuwa na nyasi.

Asubuhi alimwamsha Nelvine waende wachume pamoja. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye bonde, na majani yalikuwa yamelowa kiasi kwamba mikono ilipata ganzi upesi. Nelvine alikuwa amesahau kazi. Aliweka ile fito ya kupimia usawa juu ya michai ikakaa upande, akachuma majani manne mahali pa mawili na kichipukizi. Noah alimsahihisha mara moja akamwacha. Alikuwa mtu anayeweza kusema jambo zito mikono yake ikiwa na kazi tu, kwa hivyo alisubiri mpaka mikono ishike mwendo.

"Ile hadithi," alisema, "sikuimaliza."

"Ya nyati?"

"Hiyo. Nilikuwa nimelala kwa nyasi, hiyo unajua. Alikuwa mzee, pembe moja imevunjika. Alikuwa ameua mama mmoja akichota maji, na mchungaji mmoja wa ng'ombe. Ilikuwa lazima afe. Nilimlenga hapa." Aligusa shina la bega lake. "Sikuogopa. Bunduki ilikuwa imetulia kabisa. Nikamwambia, kwa Kikipsigis, pole pole, asisikie mtu mwingine. Nikamsalimia, chamge, mkubwa. Umekosea watu na wametutuma. Mimi sitakugusa, lakini huyu mwenzangu si wa kwetu, usimkasirikie. Halafu nikampa Gekara. Na baada ya Gekara kupiga sikula hiyo nyama, na sikuwasaidia kumchuna. Nilienda nikakaa mbali. Hiyo huzuni uliisikia, ni ya hapo."

Nelvine alikuwa ameacha kuchuma. "Si wa kwetu, maana yake nini?"

"Maana yake sisi ni wa nyati. Mimi, na baba yangu, na baba yake. Ndiye mnyama wa ukoo wetu. Na wewe pia, mama. Wewe ni wa nyati."

Alimwita mama, kama baba wa huku wanavyomwita binti wanayemwonea huruma. Kijito kilisikika chini, na mbali kidogo mtu akimfokea punda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

"Ningejua wapi? Nani angeniambia?"

Hakukuwa na mtu wa kumtaja.

"Jana ulichagua 375," Nelvine akasema. "Ulikuwa ukienda kufanya nini nayo?"

"Kupiga hewa."

"Na mimi nyuma yako."

"Ndiyo maana nimekwambia leo. Hiyo sikuijua." "Nimekosa, Nelvine. Si wewe. Wewe umeleta kitu kizuri, mimi ndiye nilikuachia nusu ya hadithi ukaenda nayo mpaka ng'ambo."

Nelvine alitua kikapu chake chini, katikati ya mstari. "Miaka yote hiyo nimekuwa nikifikiria baba yangu aliogopa," alisema. "Nikasema sijali, nampenda hivyo hivyo. Nimewaambia watu huko. Nimepigwa bega Jumamosi baada ya Jumamosi kwa kitu ambacho hakikuwapo." Aligeuka akapanda mteremko kwenda kwenye ule mti wa mkabela mpakani mwa shamba, akakaa kwenye mzizi, mgongo kwa baba yake.

Noah aliendelea kuchuma. Hakujua la kufanya lingine. Akimfuata angeharibu, asipomfuata pia angeharibu. Sellah alishuka na chupa ya chai, akamtazama binti yake kule juu, akamtazama mumewe.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Nimekuwa nikikungoja useme tangu amalize chuo."

"Hukuwahi kuniambia nimwambie."

"Ni kweli," Sellah akasema baada ya kufikiri. "Nilikuwa nafikiri unajua." Aliacha chupa kwenye njia, akarudi jikoni.

Ukungu ulipanda, jua likatoka, migongo ya michai ikaanza kutoa mvuke. Nelvine alikuwa bado amekaa. Ndipo simu yake ikalia. Mtandao kule bondeni ni wa kubahatisha, hata mtu akipata simu lazima aiinue juu na kuiongelea kwa sauti, na shamba zima linasikia. Alisimama, akaibonyeza, akaiinua.

"Habari za asubuhi, dada," ilisema sauti ya yule bwana wa kampuni, Kiswahili chake safi kimenyooka. "Nilikuwa nasubiri jibu lenu kuhusu silaha. Mzee wetu tumwandalie ipi?"

Noah aliinamisha kichwa juu ya michai. Mikono yake iliendelea yenyewe, ikashika majani magumu, ya chini, ambayo karani angeyarudisha na kumcheka, na hakuona. Alijua Nelvine angesema kitu. Angesema mzee anaumwa, au mzee amezeeka, au mzee ameogopa. Angekuwa na haki ya kusema lolote kati ya hayo, na Noah alijiandaa kulisikia.

"Asiandaliwe yoyote," Nelvine akasema. "Hatutaki tena nyati."

"Kuna tatizo, dada? Dume mwenyewe tumeshamwona. Ni mnyama mzuri sana. Na nikueleze mapema, malipo ya nyati hayarudishwi."

"Najua. Hakuna tatizo."

"Basi ni nini? Nisaidie, maana ofisini nitaulizwa sababu."

Nelvine aliangalia chini kwenye shamba, mahali ambapo kofia ya baba yake ilikuwa imesimama juu ya michai bila kusogea.

"Ni jamaa yetu," alisema.

"Nani? Mwenye kibali?"

"Nyati. Nyati ni jamaa yetu. Sisi ni wa ukoo wake. Nilikuwa sijaambiwa, nimeambiwa leo."

Alilisema kwa sauti ya kuinulia simu, na lilienda bondeni likasikika hadi kwa kina Gekara. Noah alisimama wima. Alitoa kofia akaishika kifuani, bila kujua alikuwa anamvulia nani. Machozi yalimshuka kwenye mashavu na aliyaacha tu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na utomvu.

Kule upande wa pili yule bwana alishusha sauti. "Ah," alisema. "Mbona hamkusema mapema? Na sisi kwetu koo zina wanyama wao. Pole sana, dada. Mpe mzee pole." Akakohoa. "Lakini siku zenu bado zipo, na mahema mmelipia. Mje. Nikuandikieni mnyama gani mwingine? Swala? Pofu? Paa wadogo wapo wengi."

Nelvine alishuka mteremko, simu ameinua mbele yake kama mtu aliyebeba taa, akaja mpaka kwenye mstari wa baba yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliona majani magumu yaliyojaa kwenye kikapu cha Noah, akayaangalia, akamwangalia mwenyewe.

"Anauliza tunataka nani, baba. Anasema kuna paa."

Noah alitazama juu nyumbani, kwenye mabati ya jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka. Alivuta pumzi. Kitu kilimjia usoni ambacho Nelvine hakuwa amekiona tangu akiwa mtoto, wakati hadithi ilipokuwa karibu kufika penye utamu.

"Mwambie angoje kidogo," alisema. "Muulize mamako kwanza. Muulize kwao ni wa mnyama gani."

"Unajua, baba?"

"Najua. Niliuliza kabla sijamwoa. Lakini ya kwao aseme mwenyewe."

Nelvine aligeuka kuelekea nyumbani, akaita. Aliita tena. Mlango wa jikoni ulifunguka na Sellah akatoka, mikono imejaa unga, akatega sikio upepo ukimvuta leso.

"Mnasema nini?"

"Haloo?" ilisema simu. "Dada, mpo?"

"Tupo," Nelvine akajibu. "Usikate."

Na Sellah, alipoona hawasikiki, akaanza kuja kwao polepole, akipita katikati ya michai na kujipangusa unga kwenye nguo.